Sponji Iliyoshuka Mlima

Mume wangu Nev aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na moja, na muda wote huo aliamini jambo moja: dereva hupimwa kwa usingizi wa abiria wake. "Abiria akisinzia, gia zimeingia vizuri. Akishikilia dashibodi, huyo dereva mpeleke akachunge kondoo." Aliyasema haya harusini, msibani, na safari moja alimwambia askari wa barabarani aliyekuwa akimwandikia faini.

Sasa binti yetu Kerryn akaja kutoka Melbourne na gari la otomatiki, siku moja kabla ya maonyesho ya kilimo ya Tarrabel. Chakula cha jioni hakikulika kwa amani.

"Gari langu linabadilisha gia lenyewe, baba, na wala husikii," Kerryn alisema. "Hakuna binadamu anayeliweza."

"Hilo si gari. Hilo ni kochi lenye magurudumu."

"Basi ni kochi linalokufikisha bila kukuvunja shingo."

"Mwanangu, mtu asiyejua klachi ni abiria tu aliyekaa upande wa kulia."

Mimi sikuwa na nafasi ya kuwaamulia. Nilikuwa napiga mayai. Kwenye maonyesho hayo Maureen Pascoe alikuwa amenishinda kwa keki ya sponji miaka minne mfululizo, na mwaka uliopita nilianguka kwa sababu ya mistari ya wavu wa kupozea chini ya keki. Jaji aliiinua, akaichungulia kwa chini kama anayekagua kisigino cha mtoto, akaandika. Safari hii nilipoziepua nilizipozea juu ya taulo. Nilioka mbili, moja ya kwenda na moja ya akiba, kama tunavyofanya wote tunaoshindana. Nilitaka utepe wa bluu wa mshindi, na sioni haya kusema.

Mwisho wa kupokea keki ulikuwa saa tatu asubuhi, ukumbini, chini ya mlima. Ni mwendo wa dakika arobaini na kona kumi na nane. Saa moja na nusu Nev akanyoosha mkono kwa Kerryn.

"Lete funguo. Nitaliendesha mwenyewe hilo kochi lako, mjue kwamba anayezijua gia haendeshwi na chochote."

Kerryn akampa huku akicheka, akakaa kando yake. Nikakaa kiti cha nyuma na boksi la keki mapajani.

Tulifika kona ya kwanza tu, hatua mia mbili kutoka getini kwetu, penye changarawe. Injini ikapandisha sauti, na mguu wa kushoto wa Nev ukaenda kazini bila kumuuliza mwenyewe. Ulikuwa umekanyaga klachi miaka thelathini na moja, nani angeuzuia? Ukashuka kwa nguvu zake zote. Klachi haikuwepo. Palikuwa na breki, tena pana.

Gari lilisimama kama limeshikwa mkia, likateleza, gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Boksi likanitoka, kifuniko huku, keki kule. Sponji yangu ilimpiga Nev kisogoni na jamu ikaanza kumtiririkia ndani ya kola.

Nev akapapasa kisogo, akatazama vidole vyake.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, baba," Kerryn akasema, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mayai sita na usiku mzima wa kazi vikiteremka kwenye mgongo wa mume wangu.

Nev aliposhuka, goti la kushoto lilikataa. Ndilo goti ambalo madaktari walikuwa wamelitengeneza miezi mitano nyuma, na sasa alikuwa amelikanyagia breki kama anaua nyoka. Jirani mwenye trekta alikuwa bado anakamua, asingefika kutuvuta kabla ya saa tatu. Ilibaki pikapu yetu kuukuu ya gia za mkono. Nev asingeweza kukanyaga klachi yake kwa goti lile, na Kerryn hajawahi kugusa klachi tangu azaliwe.

Tukamkongoja Nev mpaka uani, nikaingia ndani, nikachukua keki ya akiba, nikarudi nayo.

"Nipe funguo za pikapu," nikasema.

Nev akaniangalia kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyoniudhi. "Lorna, ule ni mlima. Kuwa na leseni ni jambo moja. Wewe umeendesha wapi?"

"Tukienda kuwalisha ng'ombe majani makavu, nani anaendesha?"

"Aa, ile ni shambani. Ni gia ya kwanza na ya pili tu."

"Na wewe unakuwa wapi?"

"Nyuma, juu ya marobota."

"Umekaa?"

"Nakaaje sasa? Nimesimama. Nakata kamba, natupa majani."

"Mkono mmoja una kisu na mwingine una robota. Hakuna unachoshikilia. Miaka thelathini na nane, Nev, kila majira ya baridi, asubuhi na jioni, kwenye mashimo na matope, natia gia na kutoa. Umeanguka mara ngapi?"

Nev akaitazama pikapu, akatazama ile sehemu ya nyuma ambako amesimama nusu ya maisha yake. Kerryn naye aliacha kucheka.

"Hata mara moja," Nev akasema polepole.

Akaingia mlango wa kushoto, akapakata keki. Kerryn akarudi kulinda kochi lake.

Sitajisifu kwamba sikuogopa. Gia ya tatu tulikuwa tunajuana kidogo, ya nne ilikuwa mgeni kabisa. Lakini nimekaa kando ya mtu yule tangu ujana wangu, na masikio yangu yanajua ni wakati gani injini inaomba gia. Kabla ya kila kona nilishusha gia, nikaiacha injini itushikilie, breki nikaigusa tu.

"Sasa tia ya pili," Nev alisema kwenye kona ya kwanza.

"Iko ndani."

"Ngoja, usiachie klachi haraka."

"Nimeshaiachia."

Akaangalia mguu wangu, akaangalia mbele. Tulipopita kanisa alikuwa amenyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, kwa hiyo nikasubiri mshindo. Haukuja. Nikadhani amenuna, nikamwachia anune, maana keki ilikuwa imetulia.

Tulifika uwanja wa maonyesho zikiwa zimebaki dakika kumi. Mama wa getini akainama dirishani, akamwona Nev.

"Amekufa huyu?"

Nikageuka. Kichwa kilikuwa kwenye kioo, kinywa wazi, anakoroma taratibu. Boksi lilikuwa mapajani, limenyooka vilevile.

"Hapana," nikasema. "Ananipa maksi."

Nilipomwamsha alikaa wima upesi. "Sikulala. Nilikuwa nasikiliza injini."

"Mdomo wazi?"

"Ndivyo inavyosikika vizuri."

Utepe wa bluu ulikwenda kwa Maureen Pascoe, mara ya tano. Mimi nilipewa mwekundu, wa pili. Jaji aliandika kwamba keki yangu ni nyepesi sana lakini chini imekolea rangi kidogo. Nilimpongeza Maureen kwa meno tu, moyo uliniuma sana. Nikaenda maegeshoni nimeukunja utepe kwenye ngumi, natafuta tairi la kupiga teke.

Nev alikuwa amesimama kando ya pikapu, upande wa kushoto. Akanyoosha mkono. Nilijua anataka kunibembeleza, na sikutaka kubembelezwa, lakini nikampa.

Akaukunjua utepe, akausoma kwa sauti: "Wa pili." Kisha akaubandika kwenye shati lake, juu kidogo ya doa la jamu.

"Huu ni wangu," akasema.

Akafungua mlango wa kushoto, akaingia, akafunga mkanda, akanyoosha goti lake bovu mpaka likapata nafasi.

"Twende, Lorna. Nina usingizi."