Mama Kija Ndiye Aliyekuwa Akijibu

Daktari aliuliza vizuri tu, siwezi kumlaumu. Mimi ni fundi seremala hapa Mkolani, na mkono wangu ulikuwa umetunga usaha baada ya kuchanwa na msumeno. Akaniangalia usoni: "Baba, kuna dawa yoyote inayokudhuru?"

Nikageuka kushoto. Pale ndipo mke wangu Evelina, Mama Kija, alipozoea kukaa. Miaka yote ya ndoa yetu swali hilo lilikuwa lake kulijibu. Mimi nilikuwa naangalia dari na kusubiri tuondoke. Tulimzika kabla ya mvua za vuli. Kiti kilikuwa kitupu, na hasira zikanipanda, sijui kwa nani.

"Hakuna," nikasema.

Nyumbani nikameza dawa ya kwanza kwa chai ya rangi, nikaketi sebuleni peke yangu kama ilivyo kawaida yangu siku hizi, redio ikiongea na ukuta. Haikupita muda viganja vikaanza kuwasha. Nikadhani ni vumbi la mbao za mninga. Halafu mwili ukajaa mabaka, midomo ikavimba, na nilipomeza mate yakagoma kushuka. Hapo ndipo maneno ya Evelina yaliponijia: "Daktari, huyu ana aleji ya penisilini." Mimi mjinga nilijua penisilini ni sindano tu.

"Mama Kija!" niliita. Niliita kweli, kwa sauti iliyokuwa imebaki. Niliogopa kufa, nasema wazi, na zaidi niliogopa kukutwa kesho nimekauka huku redio inaimba taarabu.

Nikachukua pakiti ya dawa, nikatoka. Jirani yangu Luhende alikuwa anaosha pikipiki yake. Tangu msiba nilikuwa simsemeshi. Pole zake za kila asubuhi zilinichosha. Nikamwonyesha pakiti, nikamwonyesha koo. Alinipandisha, akanifunga kiunoni kwake kwa kanga ya mkewe nisidondoke, tukaenda hivyo mpaka hospitali, watu wakitushangaa njia nzima.

Nilichomwa sindano pajani. Moyo ulinienda mbio, mikono ikatetemeka, kisha koo likaanza kuachia, na pumzi ikaingia yote. Luhende akarudi kufunga mlango wangu niliouacha wazi. Jioni nesi mmoja, Winnie, akaja kunipima.

"Shikamoo, babu. Hii uliyomeza ni amoksilini, ukoo mmoja na penisilini. Usiiguse tena maisha yako yote. Ukiulizwa, sema mwenyewe."

"Marahaba. Nitasema."

"Sasa, nyumbani unakaa na nani? Hali hii huweza kurudi hata baada ya kutulia. Usiku wa leo lazima awepo mtu wa kukusikiliza unavyopumua. Kama hayupo, utalala hapa."

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Binti yangu Kija yuko mbali, Mtwara, na watoto wake. Ningeweza kumsogeza karibu kwa maneno, nikaachiwa. Mwanaume mzima, eti nilazwe kwa kukosa mtu!

"Naishi peke yangu," nikamwambia. Nilikuwa sijawahi kulitamka.

Winnie akaenda kutafuta shuka. Wodi ilikuwa imejaa, wazee wanakohoa, mtu anaita maji. Nikajigeuzia ukutani wasinione, nikalia. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Usiku ule kulikuwa na mtu ambaye angejua kama napumua.