Uso Kwenye Mfuko wa Korosho

Somoe alitema kwa mara ya tatu kwenye kopo la rangi lililowekwa miguuni pake, kisha akajifuta midomo kwa pindo la kanga.

"Na hii?" Agatha aliuliza, kalamu mkononi.

"Si yetu. Imekaangwa kwa mashine, haina hata harufu ya moshi. Halafu imekaa mpaka mafuta yake yameoza. Andika."

Agatha akaandika FEKI kwenye mfuko kwa kalamu nyekundu, akausogeza pembeni. Yeye ndiye aliyekuwa akijibu ujumbe wa wateja kwenye simu mbili za duka, na tangu Jumatatu alikuwa hajacheka. Mezani ilibaki mifuko kumi na miwili. Ilikuwa imerudishwa kwa mabasi kutoka Dar, Dodoma na Mwanza, na watu walioziona korosho mtandaoni, wakaagiza, wakapokea uchafu. Mfuko mmoja ulikuwa umefungwa kwa mpira, na chini ya mpira palikuwa na karatasi iliyoandikwa: Kuleni wenyewe.

Kwenye kila mfuko, uso wa Somoe ulikuwa unacheka.

Picha ile ilipigwa kijijini Mkunya, Newala, miaka minne iliyopita. Yoeli, kijana wa Masasi mwenye diploma ya biashara, alimkuta uani amechuchumaa mbele ya bati la kuchomea korosho, mikono imepakwa majivu ili mafuta ya maganda yasiichubue, akicheka utani wa jirani yake Bibiana. Yoeli alibonyeza simu, akasema, "Mama, uso huu utauza." Na ukauza kweli. Duka la Yoeli halikuwa na dirisha wala kibao. Lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Masasi, chenye mzani, mashine ya kufungia mifuko, na simu zilizobeba ukurasa wa biashara. Bidhaa iliitwa Korosho za Mama Faudhia, kwa kuwa Faudhia ndiye kifungua mimba wa Somoe. Wanawake watano wa Mkunya walibangua, Somoe akakagua, Yoeli akauza. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Newala waliujua mwanya wa meno yake.

Sasa mtu fulani huko Dar alikuwa ameuiga uso huo. Wino ulikuwa umekolea wekundu, shavu moja limekuwa la kijani, mwanya umezibwa, macho yamevimba. Somoe alijiona kama maiti aliyepakwa poda ili watu waje kumuaga. Hata hivyo picha haikumtia kinyaa kama kilichomo ndani: vumbi la kahawia, utando wa wadudu, na vijifunza vyeupe vikijikunja taratibu, vimeshiba.

"Soma walichoandika leo," alimwambia Agatha.

"Mama, si vizuri."

"Soma. Uso ni wangu, siyo wako."

Agatha akasoma haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "'Mchafu tu huyu mama, tazameni hata mikono yake kwenye picha.' Mwingine: 'Mwanya wa kitapeli.' Huyu ameweka picha ya funza, ameandika, 'Mama Faudhia, watoto wako hawa umewasahau.'"

"Umemjibu nini?"

"Bosi amesema tusijibu. Tufute, halafu tuwablok."

"Wote?"

"Wote. Asubuhi hii tu nimeblok arobaini na mmoja." Agatha akasita. "Kuna mmoja nimeshindwa. Ametuma sauti."

Akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikajaa chumba, na lafudhi yake ilikuwa ya huku huku: "Shikamoo Mama Faudhia. Mie mwenzenu, kwetu Chiungutwa, nimeolewa Mwanza. Nimewaandalia wakwe zangu, nikawaambia, onjeni vitu vya kwetu. Baba mkwe kafungua kiganja, kinatambaa. Mama, umenivua nguo mbele za watu."

Somoe aliivuta mifuko iliyobaki karibu.

Yoeli akaingia akinukia manukato, amebeba boksi dogo kifuani. "Shikamoo, Mama Faudhia."

"Marahaba, baba."

"Dawa imefika." Akafungua boksi, akatoa karatasi ya stika zinazong'aa kama sarafu mpya. "Kila mfuko utakuwa na hii. Mteja anakwangua, anapata namba, anaituma, anajibiwa kama mzigo ni halali. Na saa nne tunaingia laivu. Nimeshatangaza. Utashika mfuko wa wale wezi, utasema, 'Jamani, hizi si zetu, nunueni zenye stika.' Dakika mbili tu. Watu wanakupenda."

"Wananipenda? Agatha amenisomea."

"Ah, mama, hao wa mtandaoni hawana haya. Kesho wameshasahau."

"Ngoja basi nimalize kuonja."

"Ya nini tena? Zote feki, mifuko si inaonekana?"

"Ulinileta nionje."

Mfuko uliofuata ulikuwa na uso ule ule wa kijani. Alimimina korosho kiganjani, akaipeleka moja mdomoni, kisha mkono ukasimama katikati ya njia.

Mtu mwingine angeona korosho. Somoe aliona mkono. Bibiana alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na kisu chake kidogo, kikiondoa ile ngozi nyembamba, kiliacha mkwaruzo upande ambao mwanamke mwingine yeyote pale Mkunya asingeweza kuuacha. Wenzake walikuwa wakimtania kila siku: "Bibiana, korosho zako zimenyolewa na kinyozi kipofu." Naye hujibu, "Zinyoe basi wewe mwenye macho."

Somoe akaigeuza. Kwenye mkunjo wa tumbo la korosho palikuwa na ukoko mgumu wa kijivu. Akaukwangua kwa ukucha, akaunusa. Saruji. Akamimina zote mezani. Nusu zilikuwa na mkwaruzo wa kushoto, nyingi zilikuwa na ukoko wa kijivu, na hapa na pale ukungu wa kijani ulikuwa umeota kama nywele.

Masika yaliyopita paa la chumba hiki lilivuja. Maji yalipitia upande wa duka la vifaa vya ujenzi, yakabeba vumbi la saruji, yakaingia kwenye korosho ambazo zilikuwa tayari kufungwa. Somoe mwenyewe alizichota kwa koleo zikajaa magunia mawili, na Yoeli mwenyewe aliyapakia kwenye bajaji akisema anakwenda kuyachoma.

"Yoeli," alisema. Kwa miaka minne alikuwa amemwita baba, kama anavyowaita vijana wote anaowaheshimu. "Yale magunia ya masika uliyachomea wapi?"

"Magunia gani?"

"Usiniulize magunia gani."

Yoeli akatazama mlangoni, akatazama saa, akavuta kiti akaketi karibu yake. Sauti yake ikalainika. "Niliyauza, mama. Kwa mtu wa chakula cha kuku. Alivyoyapeleka Dar mimi sikumtuma."

"Kuku gani anakula saruji?"

"Nisikilize. Mfuko si wetu. Nembo wamechapa wao, jina wameiba wao. Popote utakapokwenda, hiyo inaitwa bidhaa feki. Kilichomo ndani hakituhusu."

"Kilichomo ndani ndicho watu wanachokula."

"Mama Faudhia, ukilisema hilo mbele ya simu, hapa panafungwa leo leo. Bibiana na wenzake watambangulia nani? Watarudi kuuzia walanguzi barabarani? Fikiria." Akaanza kukunja mikono ya shati lake, kunjo moja, kunjo la pili, kwa utulivu wa mtu aliyeshaamua. "Na kama ni mzigo kwako, hatulazimishani. Kuna dada mmoja Dar, ana sura nzuri, tumeshaongea. Tunabadilisha picha tu. Wewe unabaki kukagua, hakuna mtu wa kukutukana tena. Mimi nakuonea huruma, ujue."

Funza Somoe alikuwa ameshawatema tangu asubuhi, lakini huruma hii ilikuwa tamu, yenye manukato, na hakukuwa na kopo la kuitemea. Alimtazama kijana yule ambaye yeye mwenyewe alimlisha kwake na kumfundisha kutofautisha korosho mbichi na iliyoiva kwa kuisikiliza ikigongana na nyingine, akaona jinsi alivyokuwa msafi. Hata chini ya kucha.

"Agatha," alisema, "washa simu."

Yoeli akatabasamu. Akamrekebishia kanga begani, akamsogeza penye mwanga, akasimama nyuma ya simu.

"Watu mia mbili na kitu," Agatha alinong'ona. "Tayari."

Somoe akainua mfuko. "Mimi ni Somoe binti Shamte, wa Mkunya. Uso huu mnaouona ni wangu. Mfuko huu si wetu, wameuiga."

Yoeli akainua kidole gumba.

"Lakini korosho zilizomo ni zetu."

Kidole kikabaki hewani.

"Tumezibangua sisi, kwa mikono hii mliyosema michafu. Zililowa masika, zikaingia saruji, zikaota ukungu. Zilitakiwa zichomwe. Hazikuchomwa, ziliuzwa. Mwenye nazo asile, na kuku asimpe." Yoeli alikuwa akipitisha kiganja shingoni, kata, kata. Agatha aliona. Akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ukuta, simu akaishika kwa mikono miwili. "Na wewe binti wa Chiungutwa uliyeko Mwanza, waambie wakwe zako kosa halikuwa lako. Lilitoka huku—"

Simu ikanyakuliwa.

Yoeli hakupiga kelele. Aliilaza simu kifudifudi mezani, kati ya korosho zenye ukungu, akasimama akiitazama inavyotetemeka na kutetemeka.

"Futa hiyo video," alimwambia Agatha.

"Watu wameshaichukua, bosi."

"Nimesema futa."

Somoe akachukua mkoba wake. Alipokuwa akivaa kandambili nje ya mlango, akamsikia Yoeli akiongea kwenye simu nyingine, kwa sauti ile ile laini: "Haloo, dada'angu, habari za huko? Vipi, ile kazi ya picha uko tayari? Hata kesho. Ndiyo, ucheke tu, ushike korosho mkononi. Hapana, majivu ya nini."

Stendi ya Masasi ilikuwa imechangamka. Gari la Newala lilikuwa halijajaa, utingo akiita abiria. Somoe akampigia Bibiana, akamweleza yote bila kupunguza.

"Kwa hiyo umenijua kwa kushoto kwangu," Bibiana alisema.

"Kwa kushoto kwako."

"Na wamekula watu."

"Wamekula."

Kwa upande wa pili alisikia magogo ya kubangulia yakigonga, ko, ko, ko, na wanawake wakiongea, na mmoja akicheka jambo. Kisha Bibiana akaondoka penye kelele. "Mie sikulaumu, Mama Faudhia. Ila niambie nikawaambie hawa: kesho tuwashe moto au tusiwashe?"

"Sijui, mwenzangu."

"Haya. Njoo basi."

Kwenye benchi la abiria alikuwa ameketi mwanamke mmoja mwenye kikapu, ameinamia simu yake. Somoe alipokaribia, akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka pale, nyembamba, yenye mikwaruzo: Mimi ni Somoe binti Shamte, wa Mkunya. Mwanamke akainua macho. Akautazama uso, akaitazama simu, akautazama uso tena. Akajisogeza kwenye benchi, akakivuta kikapu chake mapajani, akakikumbatia.

Pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Somoe hakujua kama amepishwa akae au amekwepwa. Alisimama kidogo, mkoba mkononi, kisha akaketi. Video ikafika mwisho, na mwanamke yule, bila kugeuka, akaianza upya.