Mwano wa Majaribio

Muharami Jumbe alikuwa amekwisha kuvikataa vijiji vinane. Kimoja kilikuwa na kisima kimoja tu, na anayetegemea kisima kimoja, alisema, anategemea pia busara ya mbuzi wa jirani. Kingine kilikaa chini ya jabali ambalo wenyeji walilisifu kwa kutoanguka tangu enzi za mababu. Muharami aliona kwamba ajali iliyochelewa haijafutwa. Alikuwa ametunza maktaba ya chuo jijini Mwanza kwa miaka thelathini na moja, na katika muda huo wote hakuna aliyeazima vitabu vya mafuriko, njaa na matetemeko isipokuwa yeye mwenyewe. Alipostaafu aliandaa fomu yenye vipengele kumi, ya kupimia mahali ambapo mtu anaweza kuhamia, kulima na kunusurika.

Kijiji cha tisa kilikuwa Nyamilanda, kando ya ziwa, mbele ya Bujora. Walipokuwa wakitoka nyumbani kwao Buhongwa asubuhi hiyo, mkewe Bushra alimwambia bila hata kugeuza shingo: "Hiki ndicho cha mwisho, mume wangu. Kikishindikana, mimi sitoki tena Buhongwa, na ile bustani uliyoniahidi utanilimia juu ya kaburi."

Hadi saa nne mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kumtia Muharami wasiwasi. Suzana, mjane aliyekubali kuwapa sehemu ya shamba lake endapo kijiji kingewaridhia, alijibu kila swali. Maji? Visima viwili, na ziwa lile pale. Chakula cha akiba? Alifunua kihenge kilichojaa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa hadi vikawa vigumu kama vigae.

"Hii ni ya mwaka juzi," alisema. "Ya mwaka jana hatujaigusa."

Muharami alitafuna kipande kimoja kwa dakika mbili, kisha akaandika: *Hakiozi. Wadudu wamekwisha kujaribu.*

Kilibaki kipengele cha kumi, muda wa mwitikio.

"Hatari ikitokea mnafanyaje?"

"Unapiga mwano, mzee wangu. Unapiga yowe, watu wanakuja."

"Kwa dakika ngapi?"

"Sasa nani anatazama saa fisi akiwa mlangoni?"

Suzana alikwenda kukoroga uji. Muharami alibaki na dai lisilo na ushahidi, na hakuna kitu alichokichukia kama hicho. Alipanda juu ya jiwe, akabonyeza saa yake, akapaza sauti. Koo lililozoea kunyamazisha wanafunzi halikuwa na mazoezi ya kazi hiyo. Lilitoa yowe jembamba lenye kona nyingi, kama jogoo anayesoma tangazo la msiba.

Suzana alitoka mbio na mwiko mkononi. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Ninapima."

"Unapima?" Mwiko ukamponyoka. "Yesu wangu! Mzee, mwano haurudi nyuma! Anayeusikia lazima aupokee aupige tena!"

Ulikuwa umekwisha kupokewa. Ulipigwa nyumba ya pili, ukapanda mlimani, ukashuka ziwani, kila koo likiuboresha. "Nimeufuta!" alipaza sauti Muharami. "Nimeufuta!" Kelele hizo ziliwahakikishia walio mbali kwamba mtu yule yu hai bado na kwamba hana muda mwingi.

Wa kwanza alifika katika dakika ya tatu na sekunde arobaini, mwanamke mwenye jembe begani na mtoto mgongoni. Wakafuata wanaume wenye pinde, wavuvi wenye makasia yanayochuruzika maji, na bodaboda moja iliyobeba watu watatu na ngazi. Kwaya ya kanisa ilifika na ngoma, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuiacha peke yake. Kinyozi alifika na mkasi wake, akifuatwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, ambaye hakuijia hatari bali nusu iliyobaki. Waliotoka mlimani walikuwa wakisaka fisi, waliotoka barabarani wakisaka wezi wa ng'ombe, na wavuvi wakisaka kiboko. Makundi matatu yalikutana nyuma ya zizi na nusura yakamatane.

Bushra alikuwa ameketi chini, kanga mdomoni, machozi yakimtiririka kwa kicheko. Muharami aliendelea kuandika dakika.

Ndipo alipofika Luhaga, mtemi wa sungusungu, yaani mkuu wa ulinzi wa wanakijiji.

"Nani kapiga mwano?"

"Mimi," alisema Muharami. "Lilikuwa jaribio."

"Unajua anayepiga mwano wa uongo anafanywa nini hapa? Analisha wote waliokuja. Akikataa, hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi. Anahama, na wewe hata kuhamia hujahamia." Luhaga alimtazama kwa huzuni ya kisheria. "Jaribio la nini?"

"La utayari wenu."

Kisha mmoja wa wavuvi akauliza: "Tumepata ngapi?"

Bushra aliacha kucheka. Bustani yake yote ilikuwa imening'inia kwenye jibu hilo. "Wape kumi," alinong'ona.

Muharami aliitazama fomu. "Saba."

"Saba?" Umati ulilipuka kwa hasira ambayo uongo wa mwano haukuwa umeifikia. "Saba na kiunoni nina shuka la kuogea?" "Nimemwacha ng'ombe anazaa, saba!"

"Kasi ni nzuri sana," alisema Muharami, bila kubadili uso. "Lakini hakuna hata mmoja aliyekuja na maji. Je, ungekuwa moto?"

Walitazamana. Ndoo hazikuwepo. Luhaga alikohoa, na katika kikohozi hicho kesi ikahamia upande mwingine.

"Huyu mzee ni mkorofi," alisema hatimaye, "lakini hapendelei. Faini iko palepale: dume moja la ng'ombe. Na kwa kuwa wewe ni Mwislamu utalichinja mwenyewe, tusije tukagombana tena. Mji wako, nyumbani kwako, uko wapi?"

"Buhongwa. Vyumba viwili."

"Twende Buhongwa!" alipiga kelele yule aliyenyolewa nusu, na kwaya ikaanza kupiga ngoma ya safari. Muharami alikuwa amewahesabu: watu mia mbili na kumi na tisa.

"Hakuna kwenda," alisema Luhaga. "Faini huliwa katika mji wa mkosaji, na haijawahi kuliwa nje ya Nyamilanda. Kwa hiyo lazima awe na mji hapa. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyelipinga dume. Papo hapo watu mia mbili na kumi na tisa walitapakaa shambani kwa Suzana, wakipima mipaka kwa makasia na kubishana mahali pa kuweka mafiga ya kutosha sufuria sita. Bushra alikimbia katikati yao huku kanga ikipepea, akiwafukuza mahali alipokwisha kuamua kwamba pataota mchicha.

Muharami alimfuata Luhaga akiwa na swali moja. "Na fisi akinivamia kabla sijalipa, nikapiga mwano?"

"Tutakuja. Na ndoo."

"Na mkikuta fisi amekwisha kukimbia?"

"Madume mawili."

Muharami alilichunguza jibu hilo pande zote. Hakuona kasoro.