Tumbo la Paskazia

Mimi sifichwi kitu. Hapa Igoma wanajua, Mama Mhoja fundi cherehani ukitaka kumdanganya uamke mapema. Kwa hiyo siku ile DVD ilipoingia kwenye deki na mkwe wangu Paskazia akatokea kwenye TV na tumbo lile, niliweka kikombe chini.

"Teodora," nikamwambia jirani yangu, "unaona ninachokiona?"

"Naona," akasema, huku anatafuna karanga. "Miezi mitano hiyo. Au sita."

Mwanangu Mhoja, mtoto wangu wa pekee, anaendesha greda Mtwara, mwisho wa nchi. Alimwoa Paskazia, binti wa Ukerewe, mwaka juzi. Simu yangu ni kitochi, haionyeshi picha. Wakitaka nione wanavyoishi, wanamtumia picha Faisal mwenye studio pale stendi, naye anazipanga kwenye DVD na muziki wake. Mimi nakaa kwenye kochi langu natazama picha zao zinapita moja moja.

Safari hii walikuwa sebuleni, uani, mezani. Mhoja alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Hilo lilinifurahisha. Lakini kila picha, tumbo! Tena Paskazia alivaa gauni la kitenge nililomshonea mimi mwenyewe, lile la duara za njano, na duara za pale tumboni zilikuwa zimevutika zimekuwa mayai. Nikasema, basi, kitambaa hakina uongo.

"Na hawajakuambia?" Teodora akauliza.

"Hawajaniambia."

Akaacha kutafuna. Kwetu mimba hufichwa watu wa aina moja tu, na kila mtu anajua ni akina nani. Mama mkwe akifichwa mimba ameshaambiwa kwamba ni mchawi.

Loo! Mimi? Nikaanza kuunganisha mambo. Tangu Pasaka nikimpigia Mhoja anapokea mke wake. "Mhoja yuko saiti, mama." "Mhoja amelala, mama." Siku moja tu alipewa simu, sauti imekauka kama ya mzee, akasema ni mafua, na kabla sijamuuliza amekula nini, simu ikarudi kwa Paskazia. Kumbe! Binti alikuwa amejenga ukuta, mimi huku, mwanangu kule. Nina mtoto mmoja, nikaona ananitoka hivi hivi, anachukuliwa na mtu mwenye sauti ya upole.

"Mpigie umuulize," Teodora akanishauri.

"Thubutu! Nimpigie mtu anayeniita mchawi?"

Alipoondoka nikairudia DVD peke yangu, nikawa naisimamisha kila picha nimchunguze vizuri. Nilikuwa natafuta ushahidi, sikatai. Kwenye ile picha ya mezani nikaona kitu. Kipande kilichobaki cha kile kitenge walikuwa wamekifanya kitambaa cha meza. Kilikuwa kimetandazwa tu, kimetulia, hakijabanwa na chochote. Na duara zake zilikuwa mayai vile vile.

Meza haina mimba.

Nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Saa ya ukutani, yai. Sufuria, yai. Gurudumu la pikipiki kule uani, yai. Nikamtazama Paskazia tena, nikaona hata kichwa kimepanuka, hata vidole. Basi si mkwe wangu aliyevimba, ni picha. Hapo shaka yangu ikavuka barabara, ikaenda moja kwa moja stendi kwa Faisal.

"Shikamoo mama," akasema aliponiona mlangoni.

"Marahaba, na usinichekee. Picha zangu umezifanyaje?"

"Zina nini, mama?"

"Watu wamekuwa wapana kama magodoro."

Faisal akajikuna shingo. Akaanza kunieleza kwamba TV yangu ni pana, na picha za simu yao zina umbo la kisanduku. Ukiziweka zilivyo, zinakaa katikati, pembeni kunabaki weusi huku na huku. Wateja wengi wanauchukia ule weusi, wanadhani wamepunjwa.

"Kwa hiyo ukitaka kuuondoa unavuta watu?"

"Au unakata juu na chini, picha ijae."

"Ukikata?"

"Vichwa vinakwenda, mama. Na TV zenyewe nyingine zinakula ukingo kidogo, kwa hiyo aliyesimama mwisho wa mstari anapotea kabisa."

"Na wewe huwa unafanyaje?"

"Mimi naacha weusi. Sipendi kuharibu sura ya mtu."

Juu ya kichwa chake, kwenye TV ya dukani, ilikuwa inaonyeshwa arusi ya watu wa Kisesa. Bibi arusi amekaa vizuri katikati, mwembamba wa Mungu, na weusi pembeni pande zote mbili. Nikaitazama ile arusi, nikamtazama Faisal. Macho yake yakaenda kwenye kibodi.

"Za wenzangu unaacha weusi," nikasema. "Zangu umevuta. Nani kakutuma?"

"Mama..."

"Ni yule binti. Nilijua! Anataka nini kwangu?"

"Siyo shemeji Paskazia," akasema haraka. "Usimsingizie. Ni kaka Mhoja mwenyewe. Alinipigia, alikuwa anaongea kwa shida. Nilimkatalia, akaniomba tena."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Ninenepeshe, Faisal. Mama asishtuke.'"

Nilisikia maneno, lakini hayakukaa mahali. Nikamwambia azirudishe kama zilivyokuja. Akasema mama, ngoja kwanza uongee nao. Nikamwambia rudisha, na nadhani nilipiga kelele, maana mwenye duka la pili alichungulia.

Akabonyeza. Picha ikajikusanya kutoka pembeni, weusi ukaingia kulia na kushoto. Duara za kitenge zikawa duara. Paskazia akabaki na tumbo bapa, mwembamba, tena amechoka, kiunoni gauni limemlegea. Kwa muda mfupi nilifurahi, nisiseme uongo, nikapiga mkono mezani, "Hee, si unaona!" Kisha nikamtazama mtu aliyesimama kando yake.

Sikumjua. Mungu anisamehe, mtoto niliyemzaa, niliuliza, "Huyu nani?"

Kola ya shati ilisimama peke yake, shingo haiigusi. Mashavu hayakuwepo. Mkono wa Paskazia uliokuwa kiunoni mwake, nilioudhania wa mapenzi, ulikuwa umemshikilia asianguke. Kuna ile methali ya mficha maradhi, kila mtu anaijua. Nilikataa kuimaliza, hata kichwani.

Nikatoka nje nikampigia. Akapokea Paskazia, kama kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimemwona."

Nikasikia anatembea, mlango unafungwa, na Paskazia akalia kama mtu aliyekuwa ameomba ruhusa ya kulia siku nyingi.

"Ni koo, mama. Chakula hakipiti. Anakunywa maziwa na uji mwepesi. Tumepelekwa Dar, amepigwa mionzi, tunatakiwa kurudi tena."

"Na mimi ni nani, nisiambiwe?"

"Alinikataza. Nilimwambia mama ana haki yake, tukagombana kabisa. Akasema, mama hasafirigi. Mama akipanda basi, ujue ni msiba. Akasema, siku nikimwona mama mlangoni, nitajua nimekwisha."

Na ni kweli. Tangu baba yake afariki, mimi safari yangu ni mazishi tu. Watu wa ukoo wakiniona na begi wanauliza amefariki nani. Niliegemea ukuta wa studio. Hasira yangu yote ilikuwepo bado, imejaa, na hapakuwa na mtu wa kumpa.

"Yuko macho?" nikauliza.

"Yuko macho."

"Basi nenda umwambie mama yake anakuja kugombana. Mwambie nimekuona kwenye TV una mimba, mmenificha, na nina hasira siwezi hata kusubiri wiki iishe."

"Mama! Mimi sina mimba."

"Najua huna, mwanangu. Mwambie hivyo hivyo."

Nikamsikia anaingia chumbani, anasema polepole. Kisha kikohozi, kitanda kikalia, na sauti iliyokwaruza ikaja karibu na simu.

"Mama. Usije ukamtukana mke wangu."

"Nitamtukana, na wewe nitakutukana! Nakuja kesho, na mtanitambua wote wawili."

Akacheka. Kicheko kilimuuma, nilisikia kinavyomuuma, lakini alicheka.

"Njoo basi, mama," akasema. "Njoo haraka."