Kichwa Hiki Kina Nini?

Vumbi la Garsen halichagui. Likiamka kwenye barabara ya Minjila linampaka ng'ombe, linampaka mwenye ng'ombe, linampaka mkuu wa wilaya, Mzungu tuliyemwita Bwana Shauri, ndani ya Landrova yake isiyo na paa, linatupaka na sisi wavuta kivuko tunaongoja mtoni. Mtu akitutazama kwa mbali atadhani tumezaliwa na mama mmoja.

Hivyo ndivyo ulivyoanza kunisemesha, Mangi. Ulishuka kwenye lori, Mpokomo mwenzangu, mwalimu wa chuo kikuu kule Makerere, suti imegeuka kijivu kwa vumbi, ukaulaza mkono wako kando ya wangu. "Kaka, wangu ni upi hapa?" Ukacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na njaa.

Vuta kamba, vuta. Mto Tana hauna haraka, ila unapotaka kuua.

Ulikuwa umeandika kitabu huko. Kiliwahusu wale Wazungu waliopita vijijini tukiwa wadogo, na chuma mfano wa koleo la mhunzi, wakibana vichwa vyetu, wakibana pua zetu. Baba yangu alibanwa kichwa akiwa amesimama juani. Alipouliza wanatafuta nini, walicheka. Alikufa hajajibiwa. Wewe ndiwe uliyeniletea jibu lake: walitafuta sababu. Walikwisha kuichukua ardhi, wakarudi kutafuta sababu ndani ya vichwa vya wenyewe.

Ukataka kuwaambia watu wote siku ya soko. Serikali ikakataa. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Watu wakisimama pamoja, huo tayari ni mkutano, na mkutano bila kibali ni pingu. Basi ukaja kwenye kivuko. Watu walio juu ya kivuko hawafanyi mkutano, wanavuka. Ukavuka nao, ukarudi nao, ukavuka tena, koti begani, ukisema juu ya maji maneno ambayo nchi kavu ilikatazwa kuyasikia.

Vuta kamba, vuta.

Huka, mchungaji wa Kiorma, alikuwa akivusha ndama. Akakukatiza. "Mwalimu, mimi usinichanganye na hawa wakulima. Pua yangu ilipimwa, ikakutwa nyembamba. Wazungu walisema sisi tuko juu."

Kalla, mwenzetu aliyekuwa akituimbisha, hakuiachia kamba. "Nyembamba hiyo, Huka? Mbona nzi wote wa Garsen wanaiona?"

Tulicheka hadi kivuko kikayumba. Safari hii wewe hukucheka. Ulimshika Huka bega, taratibu. "Ndugu yangu, wamekupa kidato cha juu. Lakini ngazi yenyewe wameisimamisha ndani ya shimo."

Huka akawatazama ndama wake. Alivuka nao, akarudi bila wao, akasimama kusikiliza.

Kamba yetu haivutwi kimya. Mmoja huita, wengine huitika, na kuitika ndiko kunakovuta. Tena wimbo ulioanzwa ukingoni haubadilishwi katikati ya mto. Waliotutangulia walikataza, maana mikono hupotezana, na maji hayasubiri. Kalla akayachukua maneno yako, akayafanya wimbo wa kamba.

"Kichwa hiki kina nini?"

"Kina mtu!"

"Kibane, kina nini?"

"Kina mtu!"

Ulilia, Mangi, mbele ya mbuzi na magunia ya mpunga. Ulisema kumbi za Uingereza, ulikoalikwa kukisoma kitabu chako, zilikupigia makofi, na makofi yakaishia mlangoni, lakini hapa neno limepata misuli. Nami mjinga nikaamini.

Kisha mvua za bara zikanyesha. Sisi tukabaki na vumbi letu, mto ukafura. Bwana Shauri na askari wake wakavuka na Landrova hadi kijiji cha mama yako ng'ambo. Hatukujua wanamfuata nani. Waliporudi ukingoni, tulikuona umeketishwa nyuma ndani ya gari, mikono imefungwa.

Hatukuigusa kamba. Askari akainua bunduki. Kalla akayatazama maji, akakutazama wewe, kisha akaita wimbo pekee aliouona unakustahili.

"Kichwa hiki kina nini?"

Tukaitika kwa sauti ya kupasua koo. Tulidhani tunakutetea. Tulidhani mwenye masikio ataona haya, na kitu kitatokea juu ya maji yale, kitu chochote.

Askari wakaupenda wimbo. Walikuwa Waafrika wenzetu, vijana wa mbali, wamechoka. Wakatundika bunduki mabegani, wakaishika kamba pamoja nasi, wakaitika, "Kina mtu!" Wakatabasamu. Bwana Shauri akapiga vidole juu ya boneti, akifuata mapigo. "Wimbo zuri sana," akasema. "Hawa watu iko furaha."

Kivuko hakijawahi kwenda kasi vile.

"Kalla," ukasema. "Kalla, nyamazeni."

Kalla akatikisa kichwa, jasho likimtiririka machoni. Tulikuwa katikati ya mto, na mto umefura. Vuta kamba, vuta. Kila tuliposema wewe ni mtu, ukingo wa Garsen ulisogea. Kila tuliposema wewe ni mtu, jela ilisogea.

Hukurudi. Mama yako huvuka kila soko kwenda kuwauliza askari wa Garsen mwanawe yuko wapi, nao humwambia arudi soko lijalo. Tunamvusha kwa wimbo uleule, kwa sababu vijana walioajiriwa baadaye hawajui mwingine. Wanauimba vizuri kuliko sisi. Kwao neno mtu ni mahali pa kukaza mkono. Mama yako huinamisha kichwa, hungoja kivuko kifike.

Siku ile Landrova ilipanda ukingo, ikashika njia ya Minjila, na vumbi likaamka. Likakupaka wewe, likampaka Bwana Shauri, likawapaka askari, likatupaka sisi tuliosimama na mikono imechubuka. Kwa mbali tungedhaniwa wa mama mmoja.

Ukainua mkono ujifute uso. Na ule mwingine ukaufuata, kwa sababu ya pingu.