Mkono Uliojua Kabla ya Taa

Mimi na mdogo wangu tulikuwa kiwanda kimoja cha minofu ya samaki. Mimi upande wa kufunga, kwenye maboksi na barafu, mahali pa watu wenye mgongo mgumu na maneno mengi. Yeye alikuwa chumba cha ndani, kwenye meza ya taa. Chumba kile huwa giza hata saa sita mchana. Meza zake zina kioo juu na taa chini ya kioo, na wanawake hulaza mnofu pale ili mwanga upenye, wamtafute mnyoo. Huonekana kama kipande cha uzi kilichojikunja ndani ya nyama. Ukimwona unamchomoa kwa kibano, unamtupa kwenye ndoo chini ya meza, unavuta mnofu mwingine. Kutwa nzima ni hivyo. Mdogo wangu walimwita Darubini kwa sababu jicho lake halikukosea, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba.

Ilianza kwa kujikuna. Mikono ilimwasha ndani ya glavu. Akabadilisha glavu, ikawasha vilevile. Kisha wenzake wakagundua jambo, wakaanza kunong'ona: Darubini anajikuna kwanza, mnyoo anaonekana baadaye. Mnofu ukiwa safi, mikono imetulia. Mnofu ukiwa na kitu, anaanza kujikuna hata kabla hajaulaza mezani.

Msimamizi wao ni mtu wa mzaha usio na mahali. Siku moja akampangia sinia mstari mzima, akaizima taa ya meza yake, akasema, "Haya Darubini, tuoneshe kipaji."

Nilikuwa nimesimama kwenye pazia la plastiki, nimekuja kuulizia glavu. Mdogo wangu alivua zake, akapitisha mkono mtupu juu ya sinia, moja baada ya nyingine, bila kugusa. Mahali fulani akasimama. Katika mwanga wa meza za jirani niliona ngozi ya mkono wake ikiinuka yenyewe, mistari myembamba, kuanzia kiganjani ikipanda kwenda kwenye kiwiko.

"Hii," akasema.

Taa ikawashwa. Walikuwemo, tena wengi.

Watu walipiga makofi. Mimi nilisukuma pazia nikaingia. Nikamwambia msimamizi, "Huyu ni mtu, siyo mashine yako." Naye akanijibu, "Dada, maboksi yako yanakungoja."

Tangu hapo wakamweka mwanzo wa mstari, kila sinia ipite kwanza chini ya mkono wake. Na yeye, mjinga wangu, aliona fahari. Jioni moja tukirudi nyumbani alinishika mkono akaniambia, "Dada, siku hizi nawajua wakiwa bado mlangoni."

"Unawajua kina nani?"

"Hao."

Nikamfokea aache upuuzi. Hakukasirika. Alitabasamu tu, akaendelea kuupapasa mkono wake taratibu.

Alianguka mchana, mbele ya wote. Midomo ilivimba, macho yakafungana, sauti ikakatika katikati ya neno. Walipomfikisha hospitali kwa gari la kiwanda alikuwa akivuta hewa kwa mlio. Mimi ndani ya gari lile nililia kwa sauti kubwa na sikuona aibu.

Alipozinduka vizuri, swali lake la kwanza kwa daktari lilikuwa, "Nina minyoo tumboni?"

"Huna hata mmoja," daktari alisema. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye kuongea polepole. "Mwili wako umekutana nao mno, umewaweka kuwa adui. Sasa ukiwahisi tu unaanza vita, na hiyo vita ndiyo inayokuvimbisha. Huo ni mzio."

"Lakini samaki ninaokula wameiva. Na wa kiwandani wamegandishwa."

"Moto unamuua mnyoo. Barafu pia inamuua. Lakini mwili wako haujali kama yuko hai au amekufa. Ukikuta chembe yake, unapigana."

Akatupatia sindano ya dharura na kunionesha namna ya kuichoma pajani, hata juu ya nguo. Tulipotoka nje ya chumba akanivuta pembeni. "Koo likimfunga tena kama leo na mkachelewa, mtampoteza. Nakuambia wewe kwa sababu naona una akili za haraka."

Mdogo wangu akaacha kazi. Na mama, mama hakushikika. Alitupa sufuria zote zilizowahi kupika samaki, akasugua makabati kwa maji ya moto, akaanika magodoro. Mimi nikitoka kazini naoga uani, nguo naziacha nje, ndipo naingia. Hakuna samaki aliyevuka mlango wetu tena.

Kwa muda tulipumua. Kisha hali ikarudi, humo humo ndani, mchana mweupe. Mdogo wangu anakuwa amekaa dirishani, redio inaongea, mara anaukunjua mkono na kuutazama. Mistari inainuka. Inapanda polepole, na yeye hajikuni, anaitazama tu kama mtu anayemsubiri mgeni amalize kuvua viatu.

"Wapo humu, dada," aliniambia. "Wamenifuata."

Niliipindua nyumba juu chini. Nyuma ya friji, chini ya vitanda, ndani ya mito. Hakuna kitu. Niliogopa, na sioni haya kulisema. Nilianza kuingia sebuleni nikitazama pembe za dari, mimi ambaye kazini wananiogopa.

Baya zaidi ni kwamba kadiri mama alivyomhudumia ndivyo hali ilivyozidi. Akimkanda miguu, miguu inaumuka. Akimtandikia shuka, anaamka na mabaka mgongoni. Mama akaanza kusema kuna mtu pale kiwandani ana kijicho na mtoto wake. Nikamwambia aache maneno hayo, tukagombana, halafu sote wawili tukageuka kwa sababu mlango wa chumbani ulikuwa wazi na mdogo wangu alikuwa amesimama pale, amenyoosha mikono mbele yake, ikielekea upande wetu.

"Mmoja wenu amekuja nao," akasema.

Kesho yake mama akamchinjia kuku. Kuku wa mama ni maarufu mtaani, wanono, mayai yao yana viini vyekundu, watu huagiza mapema. Alipika supu kwa mkono wake, akaipoza, akamnywesha mwenyewe kwa kijiko akimbembeleza kama mtoto mchanga. Mdogo wangu alikunywa kidogo, akasema ni tamu. Kisha akalishika koo lake kwa mikono yote miwili.

Nilimchoma sindano pajani nikiwa sijui hata kama ninapiga kelele. Mama alikuwa akikimbia kutafuta gari huku ameshika bado kile kijiko.

Daktari alikuwa yule yule. "Amekula nini?"

"Supu ya kuku tu, daktari. Kuku wangu mwenyewe, hajawahi hata kufika sokoni," mama alijibu, na hata katika hali ile fahari ilimponyoka kidogo.

"Na kuku wako wanakula nini?"

"Unga wa mabaki ya samaki, ya kiwandani," mama akasema. 

Wafanyakazi wote wa kiwanda tunafanya hivyo. Mwisho wa wiki tunaruhusiwa kuchukua mabaki, ngozi, mifupa, matumbo. Unayaanika juu ya bati, unayatwanga, unachanganya na pumba, kuku wananenepa. Na ile ndoo ya chini ya meza ya taa humwagwa humo humo. Kila alichokichomoa mdogo wangu kwa kibano, mwaka baada ya mwaka, kilikuja kwetu. Tena aliyekileta nyumbani, amekijaza kwenye mfuko, amekibeba kichwani, ni yeye mwenyewe. Alipoacha kazi, mama alikuwa bado na gunia zima stoo.

"Mimi sijawahi kumwona mgonjwa aliyedhurika hivi kupitia kuku," daktari alisema. "Nimesoma tu. Lakini inawezekana." Akamtazama mama kwa huruma. "Huo unga unautwanga wewe?"

"Mimi."

"Ukimaliza, ndiye unayemkanda?"

Mama akaitazama mikono yake. Sijawahi kuona mtu akiitazama mikono yake vile, na natamani nisingeona.

Aligawa kuku wote. Gunia akalichoma, nguo zake akazichoma, akaniomba nimnyoe nywele, nami nikamnyoa. Siku tuliyomrudisha mdogo wangu kutoka hospitali, mama alisimama mbali na mlango, kichwa kitupu, gauni jipya lenye mikunjo ya dukani, mikono imesuguliwa mpaka imechubuka.

"Usinisogelee, mwanangu. Niambie kwanza. Unawashwa?"

"Siwashwi, mama."

Mimi nilikuwa nyuma ya mdogo wangu. Niliiona mistari ikiinuka shingoni, mmoja, kisha mwingine, ikipanda kuelekea kwenye nywele. Daktari baadaye alisema huenda ni hofu tu, huenda siyo, mwili haueleweki. Lakini pale mlangoni mdogo wangu alijua, nami nilijua, na alitembea moja kwa moja akamkumbatia mama yake. Mama akamshika mgongo na nyuma ya shingo, akalia. Nilichukua sindano mpya mkobani na kusimama pale nikisikiliza pumzi ya mdogo wangu. Ilipiga mlio mwembamba, ikapiga tena, kisha ikatulia.

Walipoachiana, juu ya kola ya blauzi ya mdogo wangu, pale mkono wa mama ulipokuwa, ngozi ilikuwa imeumuka, alama za vidole vyote zinaonekana. Akajifunika upesi kwa mtandio.

"Nina njaa, mama," akasema, anacheka. "Kuna nini cha kula?"

Mama alitaka kujibu. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama mlango wa jikoni, nikijiuliza kipi humo mikono ya mama haijakigusa, na hakuna kati yetu aliyesogea.