Ukoo Niliomtafutia Isaiah

Otieno ni mtu wa maswali. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza imeanzia mtaa gani. Kwa hiyo binti yake Rita alipomleta nyumbani Isaiah Whitlow, kijana Mmarekani mweusi aliyekuja hapa Birmingham, Uingereza, kusomea uhandisi, Otieno hakuuliza kama wanapendana. Aliuliza kwao ni wapi.

"South Carolina," Rita akajibu.

"Hilo ni jimbo. Nimeuliza ukoo."

Kijana akamtaja baba, babu na baba wa babu, na hapo akaishia. Otieno akasema hamtoi binti kwa mtu aliyeanzia hewani. Kama wana nia, walete mshenga anayeijua asili yao. Akishindwa kuieleza, wanywe chai warudi walikotoka.

Mshenga nikawa mimi. Naitwa Kibet, dereva wa basi hapa Soho Road na mzee wa kanisa anakosali Isaiah, na sikuombwa mara mbili. Kazi ya mshenga, ambaye Wajaluo humwita jagam, inataka mtu mwenye mdomo, na mdomo nimejaliwa. Kila mtu anajua inavyofanywa. Ng'ombe watatu wa bwana harusi unawafanya thelathini, nyumba yake ya mabati unaipa ghorofa. Upande wa pili wanajua unatia chumvi, na usipotia watasema umewadharau.

Wiki tatu nilisoma habari za jimbo lile wakati wa mapumziko, daftari juu ya usukani. Nilisoma mpaka nikakosa hamu ya kula. Kisha nikatafuta jina lenyewe, Whitlow, na ikatokea nyumba: nyeupe, nguzo sita mbele, miti mikubwa imepangwa pande zote mbili za njia, na jina getini.

Nataka hili lieleweke: sikudanganyika. Nilijua fika Whitlow mwenye nyumba alikuwa nani, na Whitlow wetu walilipataje jina la bwana wao. Lakini nilijiambia kwamba Otieno anataka nyumba, basi nitampa nyumba. Isaiah hajui Kiswahili, baba yake hajui. Nani ataumia? Nikaenda maktaba nikaichapisha picha kwa rangi.

Tulikutana Jumamosi mchana kwa Otieno, Erdington. Upande wao walikuwa Otieno, mkewe Magdalene, wazee wawili wa Kijaluo, na Rita. Upande wetu, Isaiah, mimi, na Ezra, baba yake, aliyekuwa ametua juzi yake. Ezra aliendesha basi la shule miaka thelathini. Njiani tuliongea breki na watoto watukutu kama watu waliolelewa pamoja, na tulipofika mlangoni akanishika bega. "Nisemee vizuri, ndugu yangu," akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuvuta.

Otieno alianza kabla chai haijamiminwa.

"Kwao wanalima nini?"

"Zamani mpunga," nikasema. "Na waliojua kuulima ni watu wetu, walioletwa kwa minyororo kutoka Afrika Magharibi. Miaka mingi weusi walikuwa wengi kuliko wazungu."

"Na siasa?"

"Ndilo jimbo la kwanza kujitenga na Marekani, mwaka 1860, likitetea utumwa. Risasi za kwanza za vita vya wenyewe kwa wenyewe zilipigwa bandarini kwao. Vita vilipoisha, weusi walijaa bungeni. Wakaondolewa kwa bunduki, halafu kwa sheria za kura. Bendera ya wale waliojitenga ilipepea pale bungeni mpaka 2015, na ilishushwa baada ya weusi tisa kuuawa na mzungu kanisani wakisoma Biblia."

"Woi, Yesu," Magdalene akasema.

"Wanakula nini?"

"Wali, kamba, bamia. Wana lugha yao, Gullah, na wanasuka vikapu kama vya kwetu."

Wazee wakacheka kidogo. Otieno hakucheka. "Bwana Kibet, hiyo ni history ya jimbo. Huyu kijana ni wa nani?"

Ndipo nikaitoa picha. "Soma hapo getini. Whitlow. Ekari elfu mbili. Jina hilo limekaa hapo tangu 1740, na halijahama. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Huyu hajaiacha yake."

Nililisema neno hilo, mtumwa, na ulimi haukuniuma.

Rita aliinua uso akanitazama. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nikaona amenipa ruhusa.

Otieno aliishika picha muda mrefu, akaisogeza karibu na dirisha. "Sasa hapa ni kwa watu," akasema. "Rita ni wenu."

Magdalene akapiga vigelegele. Wazee wakapeana mikono. Na Otieno, kwa furaha yake, akavuka chumba, akamwekea Ezra picha mapajani, akamwambia kwa Kiingereza kwamba nyumba yao ni nzuri sana na kwamba ametoka kwa watu wakubwa.

Ezra akavaa miwani.

"Nyuma ya nyumba hii kuna misonobari," akasema taratibu. "Watu wangu wamelala chini yake, bila jiwe hata moja. Mwenye nyumba alipokufa waliandika orodha ya mali yake. Nimeiona. Nyanyake babu yangu yumo. Dinah. Ameandikwa baada ya nyumbu, kabla ya masufuria." Akamtazama Otieno. "Nani amekuambia hawa ni watu wangu?"

Otieno akanigeukia. Nikaanza kueleza kwamba ni desturi, kwamba mshenga huongeza, kwamba nia yangu ilikuwa njema. Kwa Kiingereza maneno yale yalikuwa ya mwizi aliyekamatwa kuku akiwa mkononi.

"Nilikuomba unisemee," Ezra akasema. Basi. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona.

Isaiah hakunitazama. Alimtazama Rita. "Ulielewa alichokuwa akisema?"

Rita amezaliwa hapa. Akisemeshwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, lakini hakuna neno linalompita.

"Every word."

"Na nyumba hii unaijua. Nilikupeleka. Ulilia pale kwenye misonobari."

"Baba angekataa, Isaiah. I just wanted him to say yes."

Isaiah akatikisa kichwa mara mbili tatu. Akachukua koti la baba yake, akamsaidia kulivaa, mkono mmoja, kisha wa pili. Otieno alisimama mlangoni akiwasihi wakae, akiapa hakujua, kwamba kuku wako mezani. Ezra akampa mkono. Mimi alinipita.

Rita aliwafuata mpaka barabarani bila viatu. Tulimwona dirishani akiongea, na Isaiah akisikiliza, macho chini. Kisha kijana akauondoa mkono wa Rita kwenye mkono wake, polepole, akamwongoza baba yake kuelekea stesheni.

Rita aliporudi, soksi zake zilikuwa zimelowa. Otieno akaanza kusema kwamba ataenda mwenyewe kuwaomba msamaha, kwamba yeye amekubali, wazee ni mashahidi, amekubali kabisa.

"I know, Dad," Rita akasema. "Umekubali." Akanigeukia. "Umemaliza kazi yako, Uncle Kibet. Unaweza kwenda."